Msusi Aliyefunzwa na Mopu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, hakusomea ususi popote. Mtu akimwuliza cheti chake kiko wapi, mimi ndiye ninayemjibu, kwa sababu yeye ni mpole na mimi nina mdomo. Chuo kilikuwepo, tena si mbali. Alikwenda akauliza ada, akarudi, akaosha vyombo vyote hata vilivyokuwa visafi. Kaka ni kibarua wa ujenzi. Kazi ikipatikana tunakula vizuri, isipopatikana tunajikaza. Habari ya chuo ikaishia pale kwenye vyombo.

Lakini kukata tamaa hakujui. Akaenda kwa mwenye saluni wa mtaani kwetu, mwanamke mkavu wa maneno, akaomba kazi ya kufagia na kufua taulo. Ujira wenyewe aibu kuutaja, ila mle ndani kuna vioo pande zote, na anayefagia huku anaviona vidole vya wasusi kule. Akawa anaiba kwa macho. Jioni anarudi na vipande vya nywele za bandia vilivyoanguka sakafuni, anavifua kwa sabuni ya unga, anavianika kwenye kamba ya nguo. Mama yangu alipoviona mara ya kwanza alidhani kuna mnyama amekufa.

Kichwa cha kujifunzia hakuwa nacho. Vile vya plastiki bei yake inatisha. Basi akachukua mopu ya kupigia deki, ile ya nyuzi ndefu, akaichemsha, akaifunga kwenye nondo za dirisha, mpini juu, nyuzi chini. Anasuka, anafumua, anasuka tena. Kaka akitoka kazini anakuta sakafu haijadekiwa na mopu imependeza kuliko mke wake. Tulimcheka mpaka mbavu zikatuuma. Na yeye alicheka, ila vidole havikusimama.

Siku alipojiona ameiva, akaniomba kichwa. Nikampa, nani mwingine angempa kama si wifi yake? Jamani! Mistari ilinyooka vizuri sana, lakini nyusi zangu zilipanda juu, nikawa natembea na uso wa mtu aliyeletewa habari mbaya. Kutafuna nilishindwa. Nikashika kitana nikafumua huku namsema. Nilimwambia wazi kwamba mopu ameivuta atakavyo na haikulalamika, lakini mimi nina ngozi. Alinyong'onyea. Nilimhurumia, ila maneno yangu sikuyarudisha.

Aliyemfundisha kilichobaki ni mama. Mama yangu hasemi anaumia hata akiumia, na nywele zake ni chache, laini. Wifi akaomba awe anamsuka kila Jumapili. Kwa kuwa mama hasemi, ilibidi amsome: mabega yakipanda, analegeza; vidole vya miguu vikijikunja kwenye kandambili, anafumua mstari na kuuanza upya. Mwanzoni kazi ilichukua siku nzima, chakula nikapika mimi, na nililalamika vya kutosha. Ikafika Jumapili moja mama akasinzia mikononi mwake, mdomo wazi. Wifi akanitazama, meno yote nje.

Kisha msusi mmoja wa pale saluni akaolewa, akahamia mbali, kiti chake kikabaki wazi. Wifi akapiga moyo konde, akakiomba. Mwenye saluni hakumcheka wala hakumkubalia. Alimwambia alete mtu, amsuke mbele yake. Kazi ikimridhisha, kiti ni chake; isipomridhisha, atachukuliwa msichana wa chuo aliyekwisha kuja kuulizia, na wifi arudi kwenye ufagio wake, mazungumzo hayo yasirudiwe tena. Siku hiyo wifi hakutia kitu mdomoni.

Mtu wa kusukwa nikawa mimi tena. Niliketi nimejikaza, wasusi wengine wamekunja mikono wanamtazama mfagiaji wao. Nilisikia ncha ya kitana ikichora mstari wa kwanza kichwani kwangu. Baada ya hapo sina cha kusimulia, maana nililala. Wanasema nilikoroma.

Nilipoamka, mwenye saluni alikuwa anapitisha ncha ya kitana katikati ya mistari. Akasema mmoja umepinda, nyuma ya sikio, na kweli ulikuwa umepinda. Kisha akaniuliza kama nimeumia popote.

"Mama, mtu anayeumizwa hakoromi," nikamjibu.

Aliwaambia wasusi waende wakale, akavuta pazia la mlangoni, akaketi kwenye kile kiti kilichokuwa wazi, akafungua kilemba chake. Mtaa mzima hakuna aliyewahi kumwona bila kilemba. Nywele za mbele zilikuwa zimekwisha, kuanzia kwenye paji mpaka juu ya masikio, na zilizobaki zilikuwa nyembamba kama za mtoto mchanga. Alisema zilikatika tangu usichana wake, kwa kusukwa kwa nguvu, na tangu hapo hajamruhusu mtu amguse kichwa.

"Wateja utaanza nao kesho," akamwambia wifi. "Leo nisuke mimi."

Wifi alikwenda kunawa mikono, akachelewa kurudi, nikajua analia. Aliporudi, aliweka viganja vyote viwili juu ya kichwa kile, taratibu, kabla hata ya kushika kitana. Mimi nilisimama mlangoni nikalishikilia pazia, upepo usije ukalifungua.