Pete Yangu ya Daraja la K

Mkikuta herufi imekosewa, au mwandiko unayumba kama mlevi, mnivumilie. Niliishia darasa la saba na naandika polepole.

Mchumba wangu anauza spea za magari mtaa wa Gerezani. Siku ya kunivisha pete alileta ya marehemu bibi yake, ya dhahabu, yenye almasi ndogo kama punje ya mchele. Kesho yake mama mdogo, aliyenilea na ambaye bila yeye ndoa haifungwi, akanivua ile pete akatoka nayo nje ya kibanda chake cha vitenge. Kariakoo kitambaa hakinunuliwi mpaka kitolewe nje kikaangaliwe rangi, na kwake pete ni hivyo hivyo. Ila nje ya kibanda chake limetandazwa turubai la njano.

"Njano hii," akasema. "Kama mafuta ya kula. Tumeletewa kipande cha chupa."

Jirani zake wakaja mmoja mmoja, wakasimama palepale chini ya turubai, wakakubali. Mama mdogo akaapa kwamba jiwe lisipokuwa jeupe, pete inarudi kwao pamoja na mwenyewe. Mimi nilikuwa nampenda yule kijana, lakini mbele za watu sauti hunikauka.

Tukaenda kwa sonara mtaa wa Mchafukoge. Alilitoa jiwe kwenye pete, akasema dhahabu nayo hulipaka rangi. Akakunja karatasi nyeupe, akalilaza kifudifudi karibu na dirisha, akalitazama ubavuni, sambamba na mawe yake ya kulinganishia. Akaeleza kwamba daraja la kwanza ni D, jiwe lisilo na rangi kabisa, kisha unjano huongezeka kidogo kidogo mpaka Z.

"Na A, B, C mmempa nani?" mama mdogo akauliza.

"Zamani kila duka lilikuwa na A yake, mama, wengine A tatu. Wakaona waanze upya na D."

"Huyu hapa alileta D nyingi kutoka shule, mbona hatukumwita almasi?"

Sonara akacheka. "Hili lenu ni K. Lina unjano kidogo tu. Likiwa kidoleni huuoni."

Mama mdogo akanigeukia. Machozi yalikuwa yananilenga. Akayaona, kisha akamuuliza sonara, "Ukihesabu herufi, K iko mbele ya D?"

"Kwa kuhesabu iko mbele, mama, lakini..."

"Basi. Rudisha jiwe mahali pake."

Tuliporudi, jirani walikuwa wanatusubiri. "Limepimwa na mtaalamu," akawaambia. "Mengine yanaishia D. Letu limefika K."

"Kuna linalofika Z?" mmoja akauliza.

"Hayo ya wafalme."

Harusi ni baada ya mfungo. Yule jirani ameshamwonya binti yake asikubali pete iliyo chini ya K, na nasikia mposaji wake anahangaika kutafuta. Mimi bado sijafungua mdomo. Wewe ungemwambia jirani ukweli? Niandikie, hata mistari miwili. Nitakujibu, ila nitachelewa.