Vidole vya Dada

Kwa muda mrefu nilikana kwamba ni gundi. Nilishitaki sabuni ya unga, nikashitaki dagaa, nikashitaki hata umri, ambao kwa kweli una kesi zake nyingine kwangu.

Dada yangu na mimi tunatengeneza sandali za ngozi katika chumba kimoja Igoma. Kabla ya kushika kisu tulichovya ncha za vidole kwenye kopo la gundi, tukazipuliza mpaka zikauke. Hiyo ndiyo ilikuwa glovu yetu: kisu kikiteleza, kinakuta gundi kabla ya nyama. Dada ndiye aliyenifundisha. Chuo kikuu hakikuwa na somo la visu.

Kwanza ulikuja mwasho. Kisha malengelenge madogo kama mayai ya samaki, yakapasuka, ngozi ikachanika kila nilipokunja ngumi. Asubuhi moja niliamka kope zimevimba.

Dada akacheka. "Msomi wangu, wewe una aleji ya kazi. Mbona mimi sina kitu?"

Akaninyooshea vidole vyake. Vizima kabisa. Alikuwa ameishika gundi hiyo tangu mimi bado nasoma. Basi vidole vyake vikawa shahidi wangu: kama havijadhurika, gundi haina hatia, na mimi sina sababu ya kuacha kazi pekee niliyowahi kuiweza.

Nikaenda Nansio kumuuguza mama. Huko mikono ikapona.

"Hewa ya kisiwa," nikamwambia.

Mama akaitazama mikono yangu. "Na huko Igoma mnapumua nini?"

Nikajifanya nakoroga uji.

Niliporudi, nilichovya vidole kama kawaida. Kufika jioni macho hayafunguki. Daktari wa ngozi aliuliza nashika nini kazini, kisha akasema niachane na gundi. Mwili ukishaikataa, hausahau. Nikambishia. Mbona dada yangu ni mzima?

"Kwa sasa," alisema, akaendelea kuandika.

Neno hilo sikulipenda. Nilikaa nyumbani nikisubiri vidonda vikauke, nimeshapanga jinsi nitakavyorudi kazini na kumsimanga daktari kimoyomoyo. Asubuhi simu ikaita. Dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Njoo unifungulie mlango wa kazini."

"Si una ufunguo?"

"Ninao." Nilisikia pikipiki zikipita nyuma yake. "Vidole havikunjiki, mdogo wangu."