Watu wa Tarehe Moja Januari

Mimi nina hasira za karibu, na hakuna kinachoziamsha haraka kama mtu kuja kuniambia kwamba programu yangu imekosea. Kwa hiyo mama mmoja alipobisha hodi kwangu Nyalukemba, hapa Bukavu, saa tatu asubuhi, viatu vimejaa tope, akasema kompyuta yangu inamfukuza kazi, sikumpokea vizuri. Nilimpa kiti kwa sababu alinizidi umri, basi.

Alikuwa mkunga. Alikuwa ametoka Kavumu kwa pikipiki tangu alfajiri, kutoka kituo cha afya ambako wanawake aliowapokea wakizaliwa sasa wanakuja kwake kujifungua. Sura yake sikuijua. Jina lake nililijua, maana lilikuwa kwenye orodha niliyoitoa mimi mwenyewe siku mbili kabla, na nakala yake ilikuwa imebandikwa ubaoni kituoni kwao.

Orodha yenyewe ilikuwa ya wanaokwenda pensheni. Wenye kituo hicho na vingine kadhaa walikuwa na hifadhidata ya wafanyakazi wao wote, na gestionnaire wao, mzee anayeshika karatasi na mihuri yote, alitaka majina ya kila aliyezaliwa mwaka fulani au kabla yake. Kazi ya dakika kumi, nilijisemea. Ndani ya hifadhidata tarehe ya kuzaliwa imekaa kwenye safu yake, mwaka, mwezi na siku, haijui lolote. Ili programu iweze kuhesabu nayo, lazima uigeuze iwe kitu kinachoijua kalenda, kitu unachoweza kukiuliza miaka imepita mingapi. Niliandika mistari michache ya kugeuza, nikachapisha orodha, nikapeleka, nikalala vizuri.

Siku ile aliyokuja mama, gestionnaire alikuwa aitie saini saa nane mchana, kisha iondoke kwenda mkoani. Na kwetu karatasi ikishapata saini na muhuri, hata aliyeisaini hawezi kuirudisha.

“Mutoto yangu,” akasema yule mama, “miye sikatale kwenda pansiyo. Mwaka yangu ya kwenda naijua, ni ule wenye kuya, si huu. Nilishaihesabia. Niko na babinti babili nafundisha. Mutoto akikuya na kichwa, banaweza. Akikuya na miguu, banalia pamoja na mama yake. Munirudishie mwaka yangu.”

“Maman, mashine haidanganye,” nikamjibu. “Inasoma tarehe yenye iko mu dosye yako.”

Alifungua mkoba, akatoa kadi yake ndani ya plastiki, akaiweka juu ya meza. Kadi ilisema tarehe 1 Januari. Nikatazama orodha yangu. Orodha ilisema 31 Desemba, ya mwaka uliotangulia. Tofauti ilikuwa siku moja tu, lakini siku hiyo ilikuwa imeruka ukuta wa mwaka, na hesabu yangu iliangalia mwaka.

Bado nilibisha. Mtu wa aina yangu hubisha mpaka mwisho. Nikamwuliza kama kweli ana hakika alizaliwa tarehe moja, na hapo mama wa watu akacheka kwa mara ya kwanza.

“Hakika ya nini? Mama yangu alisemaka nilizaliwa wakati ya kuvuna maharagi. Mwenye kuandika kadi akaniuliza tarehe, nikamuambia sijue, akaandika premier janvier. Ni vile kwa bote. Na miye pia, mama akiniletea mutoto wa kuzaliwa ku nyumba, hajue siku, naandika premier janvier. Tuko bengi, sisi batu ba premier janvier.”

Hilo nililijua, ndiyo maana liliniuma. Baba yangu mwenyewe ni mtu wa tarehe moja Januari. Wajomba zangu wawili pia. Kwetu Mwaka Mpya ni sikukuu ya kuzaliwa ya ukoo mzima, na hakuna anayeamini kwamba ndiyo siku yenyewe.

Nikaanza kuipitia orodha mstari kwa mstari, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuipeleka. Tarehe 31 Desemba zilikuwa zimejipanga pale kurasa zote mbili. Ni ukoo gani huo wa watu wanaozaliwa wote mkesha wa Mwaka Mpya? Nilipofungua hifadhidata yenyewe, kila mmoja wao alikuwa ameandikwa 1 Januari, safi kabisa. Hata wengine walikuwa wamesogezwa: aliyezaliwa tarehe 14 Julai kwangu alikuwa wa tarehe 13. Ila wao mwaka wao haukubadilika, kwa hiyo hakuna aliyekuja kunilalamikia. Mimi nilikuwa nimeijaribu programu kwa tarehe yangu ya kuzaliwa, ya mwezi wa tatu, nikaangalia umri tu, nikaona sawa.

Kwa hiyo kosa halikuwa la kadi, wala la karani aliyejaza hifadhidata, ambaye nilikuwa nimeshamtukana kimoyomoyo. Lilikuwa katika mistari yangu ya kugeuza. Nikaisoma mara tano bila kuona kitu. Saa nne ikapita, saa tano ikafika, umeme ukakatika, nikaendelea kwa betri. Mama aliangalia saa ya ukutani, mikono juu ya mkoba, na kule kuangalia kwake kulinitesa kuliko angenigombeza.

Mwishowe nikaiamuru programu inionyeshe tarehe yake nzima, si siku peke yake, bali pamoja na saa iliyojificha nyuma yake. Ikaandika: 31 Desemba, saa tano za usiku.

“Saa tano ya usiku!” nikapiga kelele. “Nani alitia saa huku? Ni saa tano ya wapi?”

“Ya Kinshasa,” akasema yule mama.

Nikageuka kumtazama.

“Ndugu yangu anaishi Kinshasa,” akaendelea, taratibu, kama anavyowaeleza wale mabinti zake, nadhani. “Kila bonne année sisi huku tunapiga makelele, mwaka imeisha, namupigia telefone. Eye ananiambia, dada, ungoje kwanza, huku ingali saa tano. Kwake mwaka ya zamani haiyaisha. Basi kama ordinatere yako inasema saa tano, iko Kinshasa.”

Kila mtu wa Bukavu anajua kwamba Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Mimi nilijua. Lakini nilipokuwa naandika programu, ilinitaka nichague mji wa kufuata saa yake, na katika orodha ya miji Bukavu haipo. Nchi yetu yote imewekewa miwili, Kinshasa na Lubumbashi. Saa yetu ni ya Lubumbashi. Ila tangu shule ya msingi kila fomu niliyojaza ilikuwa na Kinshasa juu yake, na kidole changu kikachagua Kinshasa bila hata kuniuliza.

Baada ya hapo mambo yote yalikaa wazi. Nilipogeuza tarehe, nilikuwa nimeipa saa ambayo haikuomba: saa sita kamili za usiku, za hapa Bukavu, kwa kuwa kompyuta yangu inafuata saa ya hapa. Kisha sehemu ya kuchapisha orodha ikaichukua saa ileile ikaisoma kwa saa ya Kinshasa. Huko ni saa tano bado, na siku bado ni ya jana, na kwa watu wa tarehe moja Januari jana ni mwaka mwingine.

Ningeweza kubadilisha jina la mji na kumaliza. Nilikataa, nilikuwa nimeshaogopa. Siku ya kuzaliwa haina haja ya saa, hasa ya mtu ambaye hata siku yenyewe alikadiriwa. Nikaiondoa saa kabisa, nikaiacha tarehe tupu, mwaka na mwezi na siku, isiyojua Kinshasa wala Lubumbashi. Nikaendesha programu upya. Zile 31 Desemba zote zikarudi 1 Januari, na jina la mama likatoka kwenye orodha. Nilishusha pumzi kwa nguvu hata akaniuliza kama naumwa.

Simu ya gestionnaire ilikuwa imezimwa. Tulipanda pikipiki mbili, tukasimama kwa mwenye kibanda cha kuchapisha, aliyekuwa na jenereta, tukaingia ofisini saa nane kasoro robo. Mzee alikuwa ameshasaini ukurasa wa kwanza, ila muhuri bado. Jina la mama lilikuwa kwenye wa pili.

Aliniangalia juu ya miwani yake, akaniuliza kosa ni la nani. Nakiri kwamba neno Kinshasa lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, na katika ofisi ile hakuna ambaye angelikataa.

“Ni langu, papa,” nikasema.

Mama hakumpa nafasi ya kunisomea risala. “Papa, ameshatengeneza. Munisainie hii mupya tuende.”

Mzee alichana zile karatasi za kwanza vipande vinne, akasaini mpya. Mama alikuwa amenukuu majina ya wenzake wote waliotolewa pamoja naye kwenye ile orodha mbovu. Alisimama uani akawapigia simu mmoja baada ya mwingine, na mpaka pale nilipokuwa nimekaa niliwasikia wakipiga vigelegele ndani ya simu yake. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kwa sababu furaha yao yote ilikuwa ya kurudishiwa kitu nilichowanyang'anya mimi.

Mwaka uliofuata nilitoa orodha tena. Safari hii niliisoma mstari kwa mstari kabla ya kuipeleka popote. Jina lake lilikuwepo, na tarehe ilikuwa sahihi. Sikutaka alikute ubaoni, nikampigia mwenyewe, nikiwa nimejiandaa kwa kilio.

“Ah, ni weye,” akasema. “Ndiyo, sasa ni ya kweli. Andika tu.”

Nikamwuliza wale mabinti wawili wanaendeleaje.

“Jana mapasa balikuya,” akaniambia, yaani mapacha. “Wa pili na miguu. Babinti bakaniita, nikabaambia miye niko nakunywa chai. Na nilikuwa nakunywa kweli, mutoto yangu, inje pale, mupaka nikasikia batoto babili banalia.”