Karanga za Saa Kumi

Baba alihamia kwangu mjini, mtaa wa Chanji, mwaka mmoja baada ya mama kufariki. Alikuwa ameshapita miaka themanini, ingawa mwenyewe hakujua amepita kwa kiasi gani. Alikuja na koti la sufu, redio ndogo na gunia la karanga alizolima kule kijijini, juu kwenye milima. Redio iliharibika wiki ya pili. Karanga zikawa mazoea ya nyumba.

Maisha yake yote alikuwa mwendesha mashine ya kusaga unga. Mashine ilimwachia masikio mazito, na ilimwachia pia tabia ya kula karanga. Zamani, wakati wa mavuno, akina mama walipanga foleni na ndoo zao tangu asubuhi, na yeye hakupata nafasi ya kwenda nyumbani kula. Mama alikuwa akimwekea karanga za kukaanga kwenye mfuko wa kulia wa koti, naye alitafuna huku akimimina mahindi. Sikuwahi kumsikia akisema ni dawa au ni afya. Ilikuwa ni chakula cha mtu mwenye kazi, na kazi ilipoisha chakula kilibaki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Katandala, na mume wangu anafanya kazi mbali, Mpanda, kwa hiyo baba alikuwa anabaki peke yake nyumbani mpaka alasiri. Niliogopa upweke utamuua. Haukumuua, kwa sababu kabla mwezi haujaisha alishapata rafiki.

Rafiki mwenyewe alikuwa mzee wa mtaa wa Majengo, Mwislamu mzaliwa wa pwani ya Ziwa Tanganyika, ambaye kwa miaka mingi alipandisha dagaa wakavu kutoka ziwani kuja kuuza huku juu. Walikutana kwenye benchi mbele ya duka moja. Baba alikuwa anaondoka saa tisa na nusu na fimbo yake, anatembea taratibu, na saa kumi wanakuwa wamekaa. Baba analeta karanga, mwenzake analeta chai ya tangawizi kwenye chupa. Kwa kuwa baba hasikii vizuri, walikuwa wanaongea kwa kupiga kelele, na mtaa mzima ulijua habari zao.

Ulipofika mwezi wa Ramadhani, baba aliendelea kwenda, lakini mfuko ulirudi kama ulivyokwenda. Nilipomuuliza alinishangaa.

"Nitatafunaje mbele ya mtu aliyefunga? Wewe ulifundishwa na nani?"

Basi mwezi mzima hakuonja karanga saa kumi. Alisubiri mwenzake afuturu, wanakula futari pamoja kidogo, ndipo mmoja wa wakwe wa yule mzee anamrudisha kwa pikipiki.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, tumeshakula. Baba alitupia karanga mbili tatu mdomoni huku akicheka jambo fulani, na moja ikapita njia isiyo yake. Alikohoa mara ya kwanza, mara ya pili, halafu sauti ikakatika. Macho yalimtoka. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni kwa kiganja, nikampiga tena, mpaka kipande kikatoka na pumzi ikarudi. Yeye alijifuta machozi, akasema, "Una mkono mzito."

Mdomoni alikuwa amebakiwa na meno manne. Nilijiambia ningepaswa kuona hatari hiyo mapema. Jirani yangu aliposikia akaongeza lake, kwamba karanga zina mafuta mengi na mafuta yanapandisha presha ya wazee. Nikachukua gunia nikalifungia stoo.

"Baba, karanga basi," nilimwambia. "Nitakununulia biskuti uchovye kwenye chai."

Aliniangalia kidogo. "Sawa, mwalimu."

Huniita mwalimu akiwa amekasirika tu. Siku nyingine zote naitwa mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Hakubishana tena. Alikula biskuti, alikula ndizi, alikula nilichompa. Lakini aliacha kwenda Majengo. Alisema ni baridi. Ulikuwa mwezi wa sita, na upepo wa huku juu Ufipa mwezi wa sita unapenya mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo niliamini. Nilikuwa namkuta amekaa nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta unaopigwa na jua, hafanyi kitu. Mwezi wa saba ulipokwisha, koti lilikuwa linamning'inia. Ugali alikuwa anaula matonge matatu kisha ananawa. Akisimama, anashika kiti kwanza.

Alasiri moja pikipiki ilisimama mlangoni, akashuka yule mzee wa Majengo, kanzu yake imefunikwa na sweta mbili. Baba alikuwa amelala ndani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Nimekuja kuuliza jambo moja. Baba yako nimemkosea nini?"

"Hujamkosea, baba. Anasema ni baridi."

"Baridi!" Alicheka. "Mimi wa ziwani ninaivumilia, yeye aliyezaliwa nayo imshinde?"

Ikabidi nimweleze. Nilimsimulia jinsi alivyopaliwa na jinsi nilivyozuia karanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa hata bila kukaribishwa tena.

"Kumbe anaona aibu," alisema.

"Aibu ya nini?"

"Ya kuja mikono mitupu. Chai yangu, karanga zake, ndivyo tulivyozoea. Mwanangu, wajukuu zangu wote walipaliwa na uji. Hakuna aliyenyimwa uji."

Maneno yale yaliniuma, kwa sababu hakuyasema kwa ukali. Nilimwandalia chai. Baba alipoamka na kumkuta sebuleni, walianza kupigiana kelele palepale, nami nikatoka nje nikajifanya nafua.

Jumamosi nilimpeleka baba kliniki. Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mpole. Alimpima presha akasema si mbaya, imepanda kidogo tu. Alipompandisha kwenye mizani alilinganisha uzito na maandishi ya mara iliyopita.

"Babu, unakula nini siku hizi?"

"Muulize mwalimu."

Nikaeleza yote. Daktari hakunigombeza.

"Nzima nzima asile tena, hapo ulifanya vizuri," alisema. "Lakini hakukuwa na haja ya kumwachisha kabisa. Ziponde ziwe laini kama siagi, uunge kwenye mboga, utie kwenye uji. Usitie chumvi. Na yoyote yenye ukungu au iliyosinyaa, tupa. Mafuta ya karanga si adui yake. Adui yake sasa hivi ni kukonda."

Nilimuuliza jambo nililowahi kulisikia redioni, kwamba wazee wanaokula karanga wanaishi miaka mingi zaidi. Je, ni kweli?

Alifikiri kwanza. "Wanaozila mara kwa mara, kidogo kidogo, wengi wanaonekana kuwa na moyo mzuri, na wengi wanafika mbali. Ila siwezi kukuambia ni karanga peke yake. Pengine watu hao wanatembea pia. Pengine wana watu wa kukaa nao." Akamgeukia baba, akapaza sauti. "Babu, unatembea?"

"Nilikuwa natembea."

"Kwenda wapi?"

"Kula karanga."

Daktari alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

Tuliporudi nilifungua stoo. Baba aliomba ungo, akauweka mapajani, akazimwaga karanga humo na kuanza kuchambua. Macho yake hayaoni vizuri, lakini vidole vinajua. Karanga mbovu, aliniambia, ni nyepesi, na ukiisugua kidogo inanuka kama gunia lililolowa. Mimi nilikaanga kwa moto mdogo, nikapepeta maganda, nikatwanga kwenye kinu mpaka mafuta yakatoka. Nilijaza kikopo chenye mfuniko. Alionja kwa kijiko, akakunja uso.

"Hii si karanga. Hii ni uji wa karanga."

Lakini alimaliza kijiko.

Siku ya kwanza kurudi Majengo nilimsindikiza, kwa kuwa miguu ilikuwa imelegea. Tulipumzika njiani mara tatu. Mwenzake alikuwa na meno yake karibu yote, ila alipoona kikopo alikifungua mwenyewe. Alichovya kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, akala, akasema tumechelewa kuvumbua kitu hiki. Tangu siku hiyo na yeye akaacha karanga nzima. Zilipofika mvua za kwanza baba alikuwa anakwenda bila mimi, na koti lilianza kumkaa tena mwilini.

Walikaa hivyo karibu miaka miwili mingine. Kisha mzee wa Majengo akaugua wiki moja tu, akafariki. Baba alikwenda maziko, akarusha udongo wake, akarudi. Siku tatu hakutoka. Nilimwachia kikopo mezani na nilikikuta kimejaa. Niliogopa, lakini safari hii sikumpangia chochote. Nilikaa naye tu.

Siku ya nne aliomba fimbo. Alirudi magharibi akiwa amechoka, akasema amekwenda kumwona mjane wa mwenzake.

"Anakonda," aliniambia. "Nimemwelekeza binti yake namna ya kuponda. Anatia chumvi, nimemkataza."

Sasa hivi haendi kila siku. Anakwenda mara mbili kwa wiki, na siku nyingine ananisubiri nitoke shule, tunakula pamoja kwa mkate. Sijui kitu gani kimemfikisha hapa, na nimeacha kutafuta. Juzi alinionyesha kwa fimbo mahali anapotaka tupande karanga mvua zikianza, kando ya ukuta, penye maua yangu, matuta matatu. Nikamwambia kiwanja ni kidogo, matuta matatu hayaenei.

"Ng'oa maua," alisema.