Tuta Linalotoka Jasho

Juzi, nje kidogo ya Kiomboi, niliona tuta la bwawa la starehe limelowa upande wa chini, nikamkumbuka shangazi yangu.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, mimi naye tulikuwa tukifua chini ya bwawa la tajiri mmoja, huku muziki na harufu ya nyama choma vikitushukia kutoka juu.

"Mzee, hapa panavuja," shangazi alimwambia mwenye bwawa.

"Linatoka jasho tu, mama. Jua ni kali."

Niliamini. Nililipangusa tuta kwa kanga, nikilionea huruma. Sikujua kwamba maji yalikuwa yakilila kwa ndani.

Siku chache baadaye lilibomoka, na maji yakamchukua shangazi akiwa anafua palepale.

Msibani, mwenye bwawa alileta mchele, wazee wakamshukuru sana. Nami nilikula, nikashiba.