Baiskeli ya springi iliyoitiwa mtu wa vyuma chakavu

Leo nusura baiskeli yangu ipimwe kilo!

Ile ya gia, springi mbele na nyuma. Ujanani Kisarawe nzima walinijua kwayo, bisheni.

Mke wangu, Mama Asha, kaita mnunuzi wa vyuma chakavu hadi hapa Misugusugu.

Nikaomba mteremko wa mwisho.

Jamani! Makorongo yote yale, mimi naelea tu kama nimekalia godoro! Nilipiga kelele za utoto.

Mnunuzi akaweka mzani chini. "Braza, na mimi kidogo."

Karudi macho yamelowa. "Tulizeeka lini? Shemeji, hii siinunui."

"Wanaume wazima!" Mama Asha akacheka. "Hebu nione."

Akajifunga khanga kiunoni, akateremka.

Mpaka sasa kaing'ang'ania baiskeli. Mwambieni anipe zamu!