Kizibao cha Avril

Avril Chivers alisambaza barua mjini Frome, Uingereza, kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu miguu ilikuwa imechoka, ila vidole vya mikono vilikuwa bado vizima. Akavipa kazi ambayo mumewe, Desmond, aliona haya kuitaja mbele ya wenzake wa baa: kushona nguo za ndani za wanawake wa miaka mia mbili iliyopita, kwa sindano na uzi tu, bila cherehani.

Shimizi ya kitani haikumsumbua. Kilichomtoa jasho ni kizibao cha kubania kifua, chenye kibao chembamba mbele na vitundu vya kamba mgongoni. Alikishona majira yote ya baridi akifuata mchoro wa kitabuni. Mwezi Machi akakivaa, akasimama jikoni, akampa Desmond mgongo amkaze kamba.

"Vuta."

"Navuta."

"Vuta bwana! Hukunywa chai leo?"

"Mke wangu, nikizidisha utapasuka kama soseji."

Mgongoni likabaki pengo la kupitisha kiganja. Avril akaketi, machozi yakamlengalenga.

"Wanawake wa enzi hizo walikuwa vijiti."

"Au huyo mchoraji hajawahi kuoa," Desmond akasema, akamsogezea kikombe.

Avril hakukata tamaa. Aliandika barua kwenye jumba la makumbusho huko Bath, akaomba kukiona kizibao chenyewe cha zamani kilichochorwa kitabuni. Binti mmoja mhifadhi, Imogen, akakitoa kwenye droo, kimefungwa karatasi laini kama mtoto mchanga. Avril akakiinamia na lenzi yake, akahesabu mishono saa nzima. Alipofika kwapani akasogeza lenzi karibu. Palikuwa na kipande cha kitambaa kingine, cheupe zaidi, kimeshonwa kwa uzi mnene na kwa haraka.

"Hiki kimeongezwa baadaye."

"Ndiyo, mama. Pande zote mbili," Imogen akasema. "Nadhani mvaaji alizaa."

"Au alikula vizuri." Kisha Avril akakinong'oneza kile kizibao: "Shoga, kumbe na wewe!"

Jioni hiyo hiyo akafumua mbavu za kizibao chake ili atie vipande kama vile. Kitani kilikuwa kimemwishia. Desmond akafungua kabati, akatoa kitambaa cha meza cha marehemu mama yake.

"Des, hiki hapana."

"Kata. Mama mwenyewe alikuwa bonge la mama, hatakasirika."

Mwezi Septemba, kwenye tamasha la mavazi ya kale, Avril alicheza dansi tatu ukumbini Bath, mgongo umenyooka kama mshumaa, na hakuna aliyejua alichovaa chini ya gauni isipokuwa mzee mmoja aliyekaa pembeni akila keki na kujisikia fahari. Tabu ilikuja wakati wa kuondoka: kile kibao kilimzuia kuinama avue viatu vya dansi. Desmond akapiga goti mbele za watu, akamvua kimoja kimoja.

"Ukicheka," akamwambia, "nakuacha hapa hapa."

Avril akacheka mpaka kamba zikalia.